Asubuhi Kinu Kilipokaa Kimya

Tu.

Pumzi ikavutwa, mchi ukainuka, halafu tena: tu.

Siku ilianza hivyo nyumbani kwa Bibi Herlinda, jogoo akiwa bado ameficha kichwa ubawani. Alisimama uani, shali imezunguka kichwa na kufungwa chini ya kidevu, akatwanga mahindi katika kinu cha mwaloni ambacho babu yake alikichonga kutoka gogo la mlimani. Hakutwanga kwa nguvu. Mwanamke wa umri wake hashindani na mchi. Anauinua, kisha anauachia ushuke wenyewe.

Baada ya mapigo machache alitulia akasikiliza. Ng'ambo ya mfereji mkavu, nyuma ya miti ya miiba, kinu kingine kikajibu: tu-tu, tu-tu. Huyo ni Tomasa, mwenye mapigo ya pupa kama maneno yake. Chini zaidi, kwenye njia ya kuelekea mtoni, kikaanza cha mke wa Crescencio, kizito, kilichopasuka ukingoni.

"Mpo," Herlinda akasema peke yake. "Na mimi nipo."

Kuitikiana huku kwa vinu hakukuanza kwa mchezo. Wahenga wa Wamascogo, watu weusi wa kijiji hiki cha Nacimiento, walifika hapa wakiwa wamechoshwa na dunia. Walikuwa wametoroka utumwa mbali upande wa mashariki, wakaishi vinamasini pamoja na Waseminole, wenyeji wa huko, wakafukuzwa huko, wakatembea, wakafukuzwa tena, mpaka wakavuka mto Bravo wa mpakani na watoto migongoni. Serikali ya Mexico ikawapa ardhi hapa Coahuila, chini ya mlima, karibu na chemchemi inayouzaa mto Sabinas. Haikuwa zawadi ya bure. Walitakiwa wasimame katikati: huku miji, kule wapanda farasi waliokuja kuvamia kutoka kaskazini, ambao nao, Mungu awarehemu, walikuwa watu waliosukumwa kutoka kwao.

Basi wanaume walilinda vilimani, na kabla ya mapambazuko kila mwanamke alitwanga. Mlinzi kule juu, vidole vimekufa ganzi, alisikiliza: hicho cha mama, hicho cha mke wangu, hicho cha shemeji. Kinu kikilia, nyumba ni salama. Kikinyamaza, mtu hakungoja kuitwa, alirukia farasi. Ndivyo bibi yake Herlinda alivyomsimulia, naye alisimuliwa na bibi yake, na kama kuna chumvi iliyoongezwa njiani, imeongezwa kwa mapenzi.

Wavamizi walikwisha zamani. Vilima vikabaki na mbuzi. Vijana wengi walikwenda Múzquiz, wengine Monclova kwenye viwanda vya chuma, wengine ng'ambo ya mto kwa binamu wa Texas. Chemchemi yenyewe ilikuwa imepungua, hata miaka mingine mto ulibaki mawe meupe na madimbwi. Lakini wanawake wazee waliobaki waliendelea kutwanga alfajiri. Hakuna aliyewaambia waache.

Baridi ya mwezi wa kwanza ndiyo iliyoleta maneno. Herlinda aliteleza kwenye barafu kando ya mfereji, jioni, akakaa pale chini akishindwa kuinuka. Mkikapoo mmoja, wa kabila la wenyeji wa asili walio jirani, aliyekuwa akirudisha ng'ombe alimwona, akamweka juu ya farasi wake, akatembea mbele akishika hatamu bila neno hata moja mpaka mlangoni. Kesho yake akarudi na kipande cha nyama ya paa, akakitundika kwenye msumari, akaondoka. Herlinda alipomsimulia binti yake kwenye simu, alimsimulia hasa habari ya farasi na nyama. Nereida alisikia habari ya barafu tu.

Ndipo Nereida akaja Jumamosi moja ya Februari, na pikapu yake, kutoka Monclova. Alishusha blanketi jipya zito, dawa ya kuchua mguu, kiroba cha machungwa, na boksi.

"Nini hii tena?" Herlinda akauliza.

"Mashine ya kusagia, mama. Ya umeme. Unatia mahindi, unabonyeza, basi."

Ilikuwa nyeupe, ndogo, inang'aa. Herlinda aliipapasa kama anavyopapaswa mtoto wa mgeni. "Imekugharimu, mwanangu. Ahsante sana. Nzuri."

"Hukuipenda."

"Nimesema nzuri."

"Umesema kama ulivyosema kuhusu mume wangu wa kwanza."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilimpa Nereida ujasiri wa kusema alichokuja kusema. Walikuwa wamekaa karibu na jiko, jua linazama nyuma ya mlima, chapati za ngano zinafura juu ya chuma cha moto.

"Mama, chumba kiko tayari. Nimekipaka rangi mwenyewe."

"Rangi gani?"

"Bluu. Kama mlango wako."

Herlinda alimtazama mikono. Aliona bado kuna doa la rangi ya bluu kwenye ukucha wa kidole gumba cha binti yake. Mtu mwenye kazi ya zamu kiwandani, mwenye mgongo unaomsumbua, amepanda kiti kupaka ukuta wa chumba cha mama yake.

"Hapa unaishi na nani?" Nereida akaendelea. "Ukianguka ndani, nani atajua? Mtaani kwetu kuna bibi kizee alifia ndani, mama. Tulijua kwa harufu. Kila nikilala nakuona wewe."

"Huyo bibi alifia Nacimiento au Monclova?"

"Mama, usinitege."

"Nauliza tu."

"Kule nitakuwepo mimi!"

"Wewe uko kiwandani, mwanangu."

"Nitarudi jioni. Hapa nani anarudi jioni? Tomasa? Tomasa mwenyewe anaamkia mbuzi akidhani ni padri."

"Alikosea mara moja. Na yule mbuzi alikuwa na ndevu za heshima."

Nereida alitaka kucheka ikashindikana. Alikuwa anakwangua lile doa la bluu ukuchani, na hiyo ndiyo iliyomshinda Herlinda. Hakutaka kuondoka Nacimiento. Mumewe alilala hapa, mama yake alilala hapa, na yeye alikuwa ameshajichagulia mahali penye kivuli. Lakini pia hakutaka mtoto wake aendelee kukosa usingizi kwa ajili yake. Mzazi gani hufurahi hivyo?

"Na kinu?" akauliza.

"Kule kuna watu wanaishi chini yetu, mama. Ukianza kutwanga alfajiri wataita polisi."

"Wakija polisi, angalau nitakuwa nimetembelewa."

"Mama."

"Haya, haya. Nitakwenda." Aligeuza chapati. "Lakini kesho nioke kwanza mkate wa viazi vitamu na kupika uji, tuwapelekee majirani. Sijawaambia. Habari mbaya isiende mikono mitupu."

Nereida akamkumbatia kwa nguvu, kiasi kwamba chapati iliungua upande mmoja. Jioni ile ile walifunga kifurushi: magauni ya madoadoa, aproni, vilemba, picha ya marehemu. Nereida akakiweka kwenye pikapu. Herlinda akalala chini ya blanketi jipya akiwa amegeukia ukuta.

*

Alipofumbua macho, chumba kilikuwa na mwanga.

Alishtuka. Kwa miaka mingi hakuwahi kuamkia mwanga. Mwili wote ulikuwa na joto, mguu hauumi, blanketi limemlemea vizuri kama mkono wa mtu. Kisha akasikia sauti.

Watu walikuwa wanaimba. Viganja vilipiga polepole, mpigo mmoja na kimya, mpigo mmoja na kimya, na juu yake sauti ya mwanamke ikipanda peke yake, wengine wakiipokea kutoka chini. Maneno yalikuwa yale ya zamani, ya lugha iliyovuka mto pamoja na wahenga, ambayo wazee wa sasa huyaimba yote na kuelewa nusu. Mtu wa Nacimiento hahitaji kuyaelewa. Nyimbo hizo huimbwa Krismasi, na huimbwa mtu anapokufa, na Krismasi ilikwishapita.

"Masikini," Herlinda akanong'ona. "Nani huyo?"

Akamfikiria Crescencio, na kifua chake kile kibovu. Halafu akamtambua anayeongoza: ni Tomasa. Tomasa, ambaye tangu amzike mumewe alisema koo lake limefungwa na hataimba tena, wamtafute mwingine. Lazima aliyekufa ni mtu mkubwa sana kwake. Machozi yakamjia Herlinda hapo hapo. Aliinuka, akavaa viatu, akatafuta shali nyeusi, hakuiona kwa kuwa ilikuwa kwenye kifurushi, akajifunga ya kijivu. Alipokuwa akipita jikoni tayari alikuwa anapiga makofi na kuitikia chini kwa chini. Msiba haumngoji mtu apate chai.

Nereida alikuwa amesimama katikati ya jikoni, unga hadi viwikoni, mdomo wazi, akitazama mlango uliofungwa. Nyuma yake mkate wa viazi vitamu ulikuwa unaiva, na mashine ilikuwa imefunikwa na koti lake la baridi.

"Mwanangu, nani ametutoka?"

Nereida akageuka taratibu.

"Mama," akasema, "nadhani ni wewe."

Herlinda akafungua mlango.

Walikuwa uani, wamejaa. Mke wa Crescencio na sufuria ya maharage. Kina dada wawili wa nyumba ya mwisho, aproni zimevaliwa kinyume kwa haraka. Crescencio mwenyewe juu ya farasi asiye na tandiko, kofia kifuani, suruali yake ya kulalia inapepea. Mpwa wake na sepetu. Yule Mkikapoo wa ng'ombe, amesimama kando ya uzio, kichwa kimeinama. Na mbele ya wote Tomasa, na shuka jeupe lililopigwa pasi mkononi, macho amefumba, kinywa kimefunguka katika mstari wa juu kabisa wa wimbo.

Herlinda, kwa mazoea tu, akauitikia.

Wengine wakanyamaza. Tomasa akafumbua macho. Alitazama, akasogea, akatazama tena kwa karibu, kwa sababu ya macho yake, kisha akapiga yowe lililomfanya farasi wa Crescencio arudi nyuma hadi kwenye kuni.

"Herlinda!"

"Tomasa."

"Unatembea!"

"Natembea. Wewe unalia nini?"

"Nalia nini? Ananiuliza nalia nini! Mwanamke mshenzi wewe! Nimeimba kwa sauti yangu yote, sauti niliyokuwa nimeiweka, nimeimaliza kwa mtu aliyelala fofofo!"

"Umeimba vizuri lakini."

"Kweli?"

"Vizuri sana. Ila ubeti wa pili umeukimbiza."

"Baridi!" akafoka Tomasa. "Ningefanyaje, na wewe umechagua kufa Februari!" Akamtupia shuka, kisha akamkumbatia na shuka lenyewe, akalia upya, safari hii bila wimbo.

Ikabidi mambo yaelezwe. Tomasa alitwanga alfajiri kama kawaida, akangoja. Hakusikia kitu. Akatwanga tena, kwa nguvu, akaita kwa mapigo matatu matatu. Kimya. Akamsikia mke wa Crescencio naye akiita. Kimya.

"Nikasema, labda amechelewa. Halafu nikakumbuka nimeona pikapu ya Nereida hapa tangu jana. Nikasema basi, ndiyo hivyo. Mtoto ameitwa aje kumfumba mama yake macho."

"Mama Tomasa," Nereida akasema, "nimekuja kumtembelea tu."

Tomasa akamtazama. Hakusema kwa ubaya. Ulimi wake ndio haukuwa na breki. "Wewe binti, huwa unakuja Krismasi na ukiitwa. Tungejuaje kwamba jana ni siku ya kawaida?"

Uso wa Nereida ukaiva. Mke wa Crescencio akakohoa na kuangalia maharage yake. Crescencio, mtu mwema, akaokoa hali kutoka juu ya farasi.

"Mimi nilisikia kinu hakilii, nikapanda. Hata sikufikiri. Miguu ilipanda yenyewe. Babu yangu alikuwa hivyo hivyo." Akatazama suruali yake. "Ila babu alikuwa na adabu ya kuvaa."

Vicheko vikatoka kama maji yaliyozibwa.

"Ingieni," Herlinda akasema. "Ingieni wote. Msiba umeharibika, tule."

Wakaingia. Jikoni hapakutosha, wengine wakakaa uani juani. Mkikapoo alipewa kiti kilicho karibu na moto, na ingawa hakusema, alikubali kikombe cha pili, na Herlinda akalihesabu hilo kuwa hotuba. Unga wa Nereida ulikuwa wa kuwaonjesha majirani wachache, sasa watu walikuwa nyumba nzima. Tomasa akaonja uji, akauzungusha ulimini.

"Laini," akasema. "Laini mno. Kama uji wa mtu aliyeng'olewa meno. Haya, mchi uko wapi? Nereida, shika huo mwingine. Unakumbuka?"

"Nilikuwa na miaka kumi, mama Tomasa."

"Mikono haihesabu miaka."

Wakatwanga pamoja, Tomasa akishuka, Nereida akipanda. Mwanzoni michi iligongana, Tomasa akatukana kidogo. Kisha ikashika: tu-ta, tu-ta, tu-ta. Herlinda alikaa kizingitini na kikombe chake akatazama mabega ya binti yake yakilegea. Alikunywa tu. Kuna wakati neno la mama ni mkono mmoja zaidi katika kinu kilichojaa.

"Mlingoja muda gani?" Nereida akauliza, akihema. "Kabla ya kuja?"

"Kungoja nini?" Tomasa akashangaa. "Jua lilikuwa halijatoka, mimi nishapiga pasi shuka."

Nereida akatwanga mpaka mahindi yakaisha.

*

Majirani walipotawanyika, kila mmoja na kipande cha mkate wa viazi vitamu ndani ya kitambaa, Herlinda aliingia jikoni kufagia. Koti la Nereida bado lilikuwa juu ya mashine, limepakaa unga begani, mikono yake imefungwa kuizunguka mashine kama mtu aliyekumbatia.

"Uliifunika kwa nini?"

Nereida alikuwa anasuuza vikombe. "Ina kelele, mama. Nilitaka ulale. Nikafunga mlango, nikaifunika." Akakizamisha kikombe tena majini. "Nilitaka angalau asubuhi moja mtu mwingine aamke badala yako. Tazama nilichofanya. Nimekuua."

Herlinda aliacha ufagio. Alichukua lile koti, akalikung'uta taratibu, akalikunja.

"Nisikilize. Tangu baba yako afe sijalala vile. Nimeamka na joto, nikakuta mwanga. Kwa muda kidogo sikuwa bibi wa mtu wala jirani wa mtu. Nilikuwa mtoto ambaye mama yake yuko jikoni. Hilo ni wewe umenipa, mwanangu. Ahsante. Nitalikumbuka hata siku Tomasa atakapoimba kweli."

Nereida alilia kama watu wanavyolia wakiwa na mikono majini, bila kuweza kujifuta. Mama yake akamfuta kwa pindo la aproni. Baadaye Nereida akatoka nje. Herlinda alisikia mlango wa nyuma wa pikapu ukifunguliwa. Saa ya kuondoka ilikuwa imefika na neno alilolitoa ni neno lake. Alivaa shali. Alitazama jiko, msumari uliotundikiwa nyama, mlango wa bluu.

Nereida akarudi na kifurushi mikononi. Akampita mama yake, akaingia chumbani, akakiweka kitandani, akaanza kutoa magauni ya madoadoa, moja moja, akiyatundika.

"Chumba kitabaki bluu," akasema bila kugeuka. "Kwa wiki ya joto kali. Au ukitaka kuja kunitembelea tu. Hata mimi sina anayejua nimeamka au la."

"Nitakuja," Herlinda akasema. "Nikiwa hai nitakuja, na nitawatwangia hao watu wa chini."

"Mashine nibebe?"

"Iache. Ina siku yake. Ukija, utasaga wewe, mimi nilale. Ila tutamwambia Tomasa kabla."

Walikunywa kahawa ya mwisho wamesimama. Machungwa yaliyobaki Herlinda alimrudishia nusu, na mkate, na kipande cha ile nyama ya paa kilichokaushwa, na dawa ya mguu wa mama ikawa dawa ya mgongo wa binti. Nereida alikataa kila kitu mara moja na kupokea kila kitu mara ya pili, kama alivyolelewa.

Ng'ambo ya mfereji, Tomasa alikuwa anamsimulia mtu kwa sauti kubwa jinsi maiti ilivyomwitikia wimbo. Hadithi ilikuwa imeshaongezeka: sasa Herlinda alikuwa ametoka ndani ya jeneza.

Pikapu ikanguruma. Herlinda alisimama kwenye uzio, akashika ukingo wa dirisha kwa vidole vyake vyenye unga, na kwa kuwa alimfahamu mtoto wake hakumwomba Krismasi wala sikukuu ya ukombozi ya Juni, binamu wa Texas wanapokuja.

"Uje tena, mwanangu," akasema. "Uje siku ya kawaida tu."